Mkono Ulioachia Baiskeli

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Kaka yangu Tajudini,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umesimama dukani kwako kwa miguu yako miwili, wala si kitandani na ile malaria ya Nampula aliyonitajia wifi Adija mwezi uliopita. Dozi uliimaliza, au uliiacha katikati ulipopata nafuu kama kawaida yako? Watoto hawajambo? Yule mdogo ameshaanza kutambaa? Mwambie wifi kitambaa chake kilifika, nami nimemshonea gauni mbili ambazo Rachid wa vipuri anakuja nazo pamoja na barua hii. Zikimbana asimlaumu fundi, alaumu vipimo alivyonipa kwa simu.

Sisi huku tunasukuma siku. Shangazi Waridi miguu inamvimba kila jioni, lakini ulimi haujavimba, bado anatuendesha wote kama zamani. Mafuta ya gari ni ya kutafuta kwa tochi. Watu wenye suti wanapanda mlima wa Gihosha kwa miguu, viatu mkononi, na wateja wangu wa kule juu wamepungua kwa sababu hiyo. Umeme nao unakuja na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo nimerudia ile charahani nyeusi ya marehemu mama, ya kukanyaga kwa mguu. Nitakoma hapo na habari za mji, maana unanijua, nikianza kuzungusha maneno ujue kuna jambo.

Utajiuliza barua ya nini, na kila Ijumaa tunaongea kwenye simu. Kwa simu nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza mtandao ulikatika nami nikashukuru. Mara ya pili ulianza mwenyewe kumtaja baba, ukasema siku hizi unalala vizuri kwa kuwa unajua alikata roho kitandani pake baada ya swala ya alasiri, na hakufia njiani kama ulivyokuwa ukiogopa miaka yote. Sauti yako ilikuwa imetulia, nikashindwa, nikakuuliza bei ya mchele wa huko Msumbiji. Mara ya tatu nilikata mimi, halafu nikakuandikia kwamba betri imekwisha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukukatia. Isome ukiwa peke yako, na uifikishe mwisho kabla hujanipigia.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka juzi alikuja kibandani kwangu mtu mmoja mrefu, mwembamba, anaitwa Hugues, amebeba rundo la vyandarua na maturubai ya bluu, yale yale tuliyogawiwa sisi watu wa Gatumba maji yalipotutoa. Alitaka nimshonee nguo kumi na mbili kutokana na vitu hivyo. Nilimwuliza kama anafungua kanisa. Akacheka, akasema yeye ni mchezaji wa dansi, na kwamba anatengeneza mchezo pamoja na watu waliopoteza nyumba kule. Nilimwambia kazi hiyo itachukua miezi mitatu, ili akate tamaa aende kwa fundi mwingine. Akasema miezi mitatu inamfaa sana, na angependa niwe nakwenda kuwaona wakifanya mazoezi, maana nguo za dansi hupimwa mtu akiwa anatembea na kuanguka. Ndivyo nilivyoingia.

Usifikirie dansi ya harusini, wala ngoma zetu za kupigwa zikiwa zimebebwa kichwani. Wenyewe wanaiita danse contemporaine, dansi ya siku hizi kwa Kifaransa, na ukiwauliza ni nini, kila mmoja anajibu lake. Mimi nakwambia nilichokiona. Wana hangari moja ya zamani kule Gihosha. Jovithe, fundi seremala, amewajengea sakafu kwa milango iliyookotwa Gatumba baada ya maji, mingine bado ina vitasa vyake, kwa hiyo mtu akicheza anakanyaga mlango wa jirani. Joëlla ni kine, yaani mtu wa kunyoosha viungo vya wagonjwa, anafanya kazi kliniki, na pale anawafundisha watu kuanguka bila kuumia. Valéry anapiga picha za video. Waliobaki ni majirani zetu wa zamani, hawajawahi kucheza popote, wengine ni bibi na babu za watu.

Hawaombwi wasimulie habari zao. Habari za mafuriko tumezisimulia hadi ndimi zikachoka, kwa kila aliyekuja na kitabu na kalamu. Pale kila mtu anaombwa mwendo mmoja tu, kitu ambacho mwili wake ulikifanya wakati ule na haujakisahau. Irène, yule aliyekuwa akiuza samaki wa ndagala karibu na kwetu, alitoa namna alivyopapasa kizingiti cha nyumba yake kwa mguu, maji yakiwa kifuani. Ni hicho tu, mguu unatafuta, unatafuta, unapata. Nilipomwona nilikuwa na pini mdomoni, na nusura niimeze.

Wana sharti ambalo nataka ulishike vizuri, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Mwendo ni wa aliyeutoa. Yeye ndiye anayechagua mtu mmoja wa kumfundisha, mkono kwa mkono, na mwingine yeyote haruhusiwi kuucheza. Akisema uondolewe, unaondolewa, hata kama ni siku moja kabla ya watu kuja kutazama. Kabla ya kuonyeshwa, kundi zima linakaa chini, mwenye mwendo anaambiwa wazi kila kitu kilichofanyika na mwendo wake, halafu anaulizwa mbele ya wote kama bado anakubali. Akiwa amefariki, wanauliza watu wa nyumba yake, nao pia lazima waambiwe yote.

Nilikueleza kidogo wakati ule kwenye simu. Ulisema kushona shona, kazi ni kazi, lakini nisije nikampeleka mzee kati ya watu wale, kwamba ameswali miaka hamsini na hastahili kumaliza siku zake akitazamwa. Nikakuahidi. Nilisema wallahi, nadhani unakumbuka.

Kaka, wewe ulimwona baba kwenye simu tu, na mwenye kushika simu nilikuwa mimi. Nilikuwa namwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu, upande wa kushoto, kofia ikiwa imenyooka. Hukuona mkono wa kulia unavyoning'inia. Hukuona kwamba baada ya kile kiharusi alikaa mwaka mzima nje ya mlango ameelekea ukuta, na ukimgeuza atazame watu wanaopita, ukirudi unamkuta amejigeuza tena. Fundi baiskeli mkubwa wa Gatumba, aliyekuwa akisikiliza mnyororo ukipita barabarani akajua ni baiskeli ya nani, alikuwa hawezi kufunga kifungo. Maneno yalimtoka moja moja, kwa shida, na mengine hayakutoka. Mimi ndiye niliyemwogesha. Sisemi hivi ili unishukuru.

Joëlla alimwona siku alipokuja kujaribu nguo. Akaanza kupita kwetu kumnyoosha mkono bila kudai kitu, na baada ya wiki kadhaa akaniambia mzee huyu ana jambo mwilini, nimlete. Nikasema apana, nimeahidi. Akasema basi aje atazame tu. Nami nikajidanganya kwamba kutazama si kutazamwa. Shangazi Waridi nilimwambia tunakwenda mazoezi ya kine. Alikuwa ameshanikalia kooni tangu siku ya kwanza aliposikia habari za dansi: "We Lubna, unashonea watu wanaochezaga uchi?" Nikamjibu kama wanacheza uchi, basi mimi ningekuwa nashona nini? Hakucheka.

Jumamosi mbili baba alikaa karibu na mlango wa hangari, fimbo kati ya magoti. Alikuwa anatazama watu. Hilo tu lilinitosha, ningemrudisha nyumbani nimeridhika. Jumamosi ya tatu, Hugues alipokuwa akiuliza nani ana mwendo, baba akainuka. Hakuna aliyemwita. Alikwenda hadi katikati ya milango ile, akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua kama mtu anayebeba kitu cha mwingine, akaukunja vidole kimoja kimoja ukashika hewani, usawa wa kiuno. Kisha akaanza kutembea. Alikuwa anaburuta mguu, lakini niliona kwamba ndani ya kichwa chake anakimbia. Hatua kumi, kumi na mbili. Halafu akavifungua vile vidole, na mkono akauacha pale juu, ameushikilia kwa chini na ule mzima, anatazama mbele.

Wengine walidhani anasukuma mkokoteni. Mimi nilijua kabla hajafika hatua ya tano.

Unaikumbuka asubuhi ile ya 2015 ulipoikimbia nchi, najua. Mlikwenda wawili hadi barabara ya mpakani, umepakia makreti ya nyanya ili askari waone mchuuzi kama wachuuzi wengine wanaokwenda Uvira. Baiskeli ilikuwa nzito na barabara ina matope, haikuweza kuondoka yenyewe. Mimi nilibaki mlangoni na mama, hatukuruhusiwa kuwasindikiza. Baba aliporudi alikaa akaanza kufungua gurudumu la mteja. Kwa miaka kumi sikujua mliagana vipi. Nilikuja kujua pale Gihosha, mbele ya watu nisiowajua, naye akitoa neno moja moja: "Mi nilishika kiti. Nikasukuma. Nikaachia." Hugues akamwuliza kwa upole kwa nini mkono haushuki. Baba akasema, "Lori ilipita. Sijui kama mutoto aligeuka."

Kumbe alisimama pale mkono uko juu, akingoja lori lipite na vumbi litulie aone kama umegeuka nyuma, na vumbi lilipotulia ulikuwa umeshaingia kati ya watu wa mpakani. Ndiyo maana mwendo wake haukuwa na mwisho. Hugues alisema wasiuguse, uachwe hivyo hivyo.

Walipomwuliza atamfundisha nani, wote walidhani atachagua kijana mwenye mwili mwepesi. Akaninyooshea mimi kidole. Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo, sina mwili wa kucheza, nitawaaibisha watu. Akasema, "We ulibaki."

Nitakwambia ukweli kwa sababu barua yenyewe ni ya ukweli. Neno lile lilinifurahisha na kunikasirisha kwa wakati mmoja. Nimebaki, ndiyo. Nilibeba charahani kichwani maji yalipoingia, nilimzika mama, nilimwogesha baba. Na mwili wake ulipopata nafasi ya kusema kitu kimoja tu, ulikusema wewe. Mimi sikuwa hata kwenye mwendo, nilikuwa mtu wa kuushika usipotee. Niliona wivu, kaka. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, nikamwonea wivu mtu aliyeko Nampula kwa ajili ya mkono uliopooza.

Kwa hiyo tulianza. Kila Jumamosi alinishika mkono kwa mkono wake mzima, akanipeleka hatua kumi na mbili, tukaachia. Kushika niliweza, kukimbia niliweza. Kuachia nilishindwa. Joëlla aliniambia bega langu linakaza. Hugues aliniambia naachia kama mtu anayesukuma, na mzee anaachia kama mtu ambaye hakupenda. Nilirudia mpaka usiku mikono ikawa inauma nikikata kitambaa. Sikujua kwamba ninachokaza ni hasira. Lakini baba alikuwa amebadilika, na hilo nataka ulijue kabla hujafika mbele. Nyumbani aliacha kuelekea ukuta. Alianza kukaa ameelekea barabara, na baiskeli zikipita aliinua kichwa.

Sasa fika na mimi kwenye Jumamosi ile, tarehe 14 Juni.

Asubuhi Joëlla alimpima presha, akapima tena. Aliniita pembeni akaniambia leo mzee akae tu, asisimame, na Jumatatu nimpeleke kliniki apewe dawa nyingine. Aliniambia mimi, si mtu mwingine. Halafu akaondoka kwa sababu alikuwa na zamu. Nikamwambia baba tumekuja kutazama leo. Akakubali, akakaa kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti.

Siku hiyo Valéry alikuwa anachukua video ya miendo yote, mmoja mmoja, ili ikitokea mtu amesahau, au amekufa, kuwe na kumbukumbu. Ilipofika zamu yangu nilicheza vibaya. Nikarudia, vibaya. Mara ya tatu niliona Irène ameangalia chini, ananihurumia, na mimi huruma siiwezi. Nikamtazama baba. Nikaona anatikisa kichwa, apana, sivyo. Alifanya hivyo kwa mapenzi, alikuwa anatabasamu kwa ule upande wake mmoja. Mimi nikaona ananiambia kwamba hata hili la kukushikia wewe limenishinda.

Nikaenda nikamwinua. Ndiyo, kaka, mimi. Hugues alisema tuache, mzee amechoka, tutachukua wiki ijayo. Nikasema ni mara moja tu. Baba mwenyewe aliniuliza kwa macho kama Joëlla amesema sawa, maana alikuwa ametuona tukizungumza pembeni. Nikamwambia amesema sawa.

Alicheza peke yake ili nimtazame. Alishika, akatembea zile hatua, akaachia. Na mkono wa kulia, ule uliokufa, ulibaki juu wenyewe. Ule wa kushoto ulikuwa umeshashuka, haukuushikilia. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne. Watu wote waliona. Halafu akarudi kukaa, akaomba maji, akanywa nusu kikombe, na mdomo ukaenda upande.

Tulimweka kwenye pikapu ya Valéry, kichwa begani kwangu. Alikuwa hai, kaka. Valéry aliniuliza hospitali au nyumbani. Baba alinishika mkono wa nguo akasema, "Nyumbani." Nikamwambia Valéry nyumbani. Nimeigeuza siku ile mara nyingi kichwani na bado sijui kama nilimtii baba, au niliogopa hospitalini watatuuliza tumetoka wapi na jibu lifike kwa shangazi Waridi, kisha kwako. Tulipokuwa tunavuka daraja la Ntahangwa nilihisi begani kwamba amekuwa mzito. Nilisoma shahada sikioni mwake. Sijui kama aliisikia.

Shangazi alikuwa ameenda msibani kwa watu. Tulimlaza kitandani pake, nikamvua viatu nilivyomvika bila kumpangusa nyayo alizochezea peku, nikamfunika, nikamwambia Valéry aondoke. Nilikaa hadi adhana ya alasiri ikapita. Kisha nikatoka uani nikawaita majirani nikasema nimekuja kumwamsha mzee nimekuta ametangulia. Yaliyofuata unayajua, ulikuwa kwenye simu ukisikiliza dua. Usichokijua ni kwamba mmoja wa wazee waliomwosha aliuliza vumbi hili jekundu kwenye nyayo limetoka wapi, maana Buyenzi haina udongo huo wa mlimani. Shangazi akajibu kwamba alikuwa anapenda kutembea uani. Wakasema wote alikufa kifo chepesi, kifo cha kitandani, na mimi nikaitikia amina.

Watu wa kundi walikuja kwenye mazishi, wakasimama nyuma ya wote. Hakuna aliyefungua mdomo. Wamenibebea uongo wangu miezi mitatu, na nimeona unavyowalemea. Joëlla haniulizi kitu. Angeniuliza ingekuwa afadhali.

Sasa mchezo utaonyeshwa mwezi wa kumi na moja, Gatumba, pale pale ilipokuwa mitaa yetu, kabla mvua hazijakaza. Milango ile itatandikwa chini kwenye kiwanja ambapo palikuwa na kibanda cha baba. Hugues alinijia mwezi uliopita akasema mwendo wa mzee hauwezi kuchezwa mpaka nyumba yake iulizwe, na nyumba yake ni mimi. Nikamwambia kuna mkubwa wangu, na mwendo wenyewe ni wake zaidi kuliko wangu. Akasema basi aulizwe yeye, na aambiwe yote. Nilikuwa na njia ya kukuomba ruhusa bila kukueleza haya. Hugues asingejua. Lakini ningeusimamia vipi mkono ule mbele ya Irène na wengine, na wao wanajua?

Ndani ya bahasha kuna flash. Ni video ya siku ile. Usiifungue mbele ya watoto. Utamwona baba mzima, miguu na mikono, jinsi ambavyo sikuwahi kukuonyesha. Utauona mkono ukibaki juu wenyewe. Kabla ya hapo utasikia sauti ya mwanamke inasema, "Baba, mara moja tu." Hiyo ni sauti yangu. Valéry alitaka kuikata, nimemkataza.

Ukisema mwendo uondolewe, utaondolewa, na hakuna atakayekununia. Hatua zake kumi na mbili zitaachwa wazi pale sakafuni, nami nitarudi kwenye pini zangu. Ukitaka kunikatia simu mwaka mzima, kata. Shangazi Waridi nitamwambia mwenyewe kabla ya Gatumba, usimtangulie. Sikuombi unisamehe kwenye barua ya kwanza. Ningekuwa wewe nisingesamehe haraka.

Lakini kuna jambo moja nakuomba unijibu hata kama ni kwa neno moja kwenye simu, hata kama hutaki kusikia sauti yangu. Asubuhi ile, lori lilipokuwa limewatenganisha, uligeuka? Uliuona mkono wake? Baba alikaa nao juu miaka kumi kwa sababu hakujua. Ukiniambia uligeuka, nitacheza hatua zake, nitaachia, na mbele ya watu wote wa Gatumba nitaushusha. Ukiniambia hukugeuka, niambie pia, nitaubakisha juu mpaka taa zizimwe. Usinionee huruma ukanidanganya. Umeona mwenyewe kudanganya kwa huruma kumetufikisha wapi.

Msalimie sana wifi Adija, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao ambaye hawajamshika. Wafundishe baiskeli wale waliofika umri. Shangazi Waridi anakusalimia, hajui ninachoandika, anadhani nahesabu vipimo. Mwenyezi Mungu akulinde na homa, na amrehemu baba yetu Mohamadi pale alipolala, na vumbi lake lote.

Wasalaam.

Mdogo wako aliyebaki,
Lubna